Mjomba, leseni iko wapi?

Yule binti sidhani kama alikuwa amefika miaka 15. Sare nyeupe imelowa chapachapa, nywele kasuka mikia miwili, kadi ya shule inaning'inia shingoni, na mkononi kashika daftari alilolitia kwenye mfuko wa nailoni lisiloe. Akagonga kioo cha dereva wetu taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu, akasema "Mama, license dekhan." Kwa Kibangla "mama" ni mjomba, pale Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ndo wanavyowaita madereva na waendesha rikshaw, zile baiskeli za kubeba abiria, kwahiyo alichosema ni mjomba, hebu nione leseni yako. Nilikuwa siti ya nyuma ya Noah ya kukodi na wenzangu wanne wa darasani. Ilikuwa Alhamisi tarehe 2 Agosti 2018, mvua ya masika yao inamwagika, na mpaka leo nikisikia mtu anasema vijana wa siku hizi hawana uthubutu, sura inayonijia ni ya yule mtoto na daftari lake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mwaka huo nilikuwa nasoma masters ya afya ya jamii Chuo Kikuu cha BRAC, wakati ule kilikuwa bado kipo Mohakhali. Wabongo wengi BRAC wanaijua kama watu wa mikopo ya kina mama, mama yangu mwenyewe alikuwa kwenye kikundi chao Mbagala, ila wachache wanajua kwamba ni shirika la Bangladesh, lilianza kulekule mwaka 1972 mara tu baada ya vita vyao vya uhuru, Tanzania likaingia 2006. Nilivyopata nafasi ya kusoma kwao mama alifurahi utafikiri naenda kwa ndugu zake. Kabla ya hapo nilikuwa nesi kitengo cha dharura Dar, na hilo nalitaja kwa sababu linahusika huko mbele.

Nilipanga chumba kwenye familia moja ghorofa ya nne. Mama mwenye nyumba nilimwita khala, yaani mama mdogo, na binti yake aliyekuwa darasa la 10, kama form four kwetu, aliniita apu, dada. Sikuwa nimekaa hata miezi miwili khala akaniamsha usiku wa manane kuamkia tarehe 21 Februari, akaniambia vua viatu tunaenda Shaheed Minar. Tukaenda peku na umati wa watu, watoto wamebeba maua, mpaka kwenye ule mnara wa wanafunzi waliopigwa risasi Dhaka mwaka 1952 kwa sababu walitaka Kibangla kiwe lugha ya taifa, enzi hizo bado wako chini ya Pakistan. Ndo siku ambayo UNESCO mwaka 1999 iliifanya siku ya lugha mama ya dunia nzima. Nilimwona khala anamshika mwanae mkono, anamwonyesha pa kuweka ua. Nikawaza hawa watu wanalea watoto wao kwa kuwapeleka kila mwaka kwenye kaburi la ujasiri. Sikujua kama mwaka huohuo nitaona kinachotokea mtoto akiyachukulia kweli yale aliyofundishwa.

Jumapili tarehe 29 Julai mabasi yalikuwa yanakimbizana Airport Road maeneo ya Kurmitola kugombea abiria, moja likawaparamia wanafunzi waliokuwa wamesimama pembeni wanasubiri usafiri, wawili wakafa palepale na wengine wakaumia. Mliopanda daladala mtaelewa bila kuelezwa sana. Dereva kule hana mshahara, anachukua basi kwa siku, jioni apeleke hesabu kwa tajiri na kinachobaki ndo chake, kwahiyo kila abiria aliyesimama kituoni ni ugali wa watoto wake na mwenzie akimuwahi amekula hasara. Waziri mmoja akaulizwa na waandishi siku hiyohiyo akawa anajibu huku anatabasamu. Baadaye aliomba radhi, ila lile tabasamu lilishasambaa kwenye simu za wanafunzi wote wa Dhaka na kesho yake barabara zikajaa sare.

Nyumbani kwetu vita ilikuwa Jumatano usiku. Binti alikuwa ameshaenda siku mbili kwa siri, khala akagundua, akafunga mlango wa mbele akaweka funguo kifuani. Serikali nayo ikatangaza kesho shule zote zimefungwa. Khala hakuwa mama mbaya, naomba mnielewe, alikuwa anaogopa tu kama mama yeyote, anasema wewe una mtihani wa taifa miezi michache ijayo, kazi yako ni kusoma, mambo ya nchi yana wenyewe. Kibangla changu kilikuwa cha kuungaunga lakini kile alichojibu binti nilikielewa chote maana alikisema polepole huku analia. "Amma, kila mwaka unanipeleka peku nikaweke maua kwa wanafunzi. Leo unanifungia mlango?"

Khala hakujibu. Akaingia jikoni nikasikia anapembua mchele. Asubuhi nilipoamka nyumba nzima inanukia khichuri, ule wali wanaoupika pamoja na dengu na manjano, chakula chao cha siku za mvua, sufuria kubwa kuliko watu tuliokuwemo ndani. Na mlango ulikuwa wazi.

Basi ndo hiyo Alhamisi. Sisi tulikuwa tunaenda Uttara kufanya mahojiano ya utafiti wetu, mabasi matajiri wameyaficha hayatoki, tukakodi Noah. Tulipofika karibu na Banani tukakuta wanafunzi wametapakaa barabara nzima, mamia kwa mamia, na nilichotegemea kukiona ni fujo kwa sababu ndo picha tuliyozoea ya maandamano. Nikakuta foleni! Dhaka, mji ambao rikshaw na basi na gari la waziri vyote vinagombea shimo moja, rikshaw zimejipanga mstari mmoja upande wa kushoto moja nyuma ya mwenzake, magari mstari wake, na katikati wameacha njia tupu kabisa. Watoto wa shati jeupe wameshika mianzi wanaelekeza. Wengine wamebeba mabango, mwenzangu Mbangladeshi akawa anatusomea, moja liliandikwa kazi ya kukarabati nchi inaendelea, samahani kwa usumbufu. Lingine lilisema ukiogopa umekwisha, ukisimama wewe ndo Bangladesh.

Sasa yule binti niliyeanza naye kasimama dirishani anasubiri leseni. Dereva wetu mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ndevu kapaka hina, akapekua kidroo akatoa kikaratasi kimekunjwa mpaka kinataka kuchanika. Binti akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma, akakigeuza, akakirudia tena kusoma. Nilikuwa namwangalia vidole, vilikuwa vinatetemeka. Sio baridi ile, Agosti Dhaka hakuna baridi. Alikuwa anaogopa kabisa, mtoto wa kike mbele ya mzee, jamii ambayo mkubwa hata akikosea humwambii usoni, na bado akainua kichwa akasema mjomba hii iliisha mwaka juzi.

Dereva akaanza kulalamika kwamba ana watoto, ana abiria, siku zenyewe hizi hakuna kazi. Binti akamsikiliza mpaka akamaliza. Hakumkatisha hata mara moja. Halafu akamgeukia sajenti wa trafiki aliyekuwa amejibanza pembeni na koti la mvua, akamwambia "Sir, naomba umwandikie." Yule sajenti akabaki anaangalia chini kwanza, mimi nilidhani atamfukuza, lakini wanafunzi wenzake binti walishasogea wakasimama nyuma yake kimya, kama kumi hivi, wala hawakumpigia kelele. Sajenti akatoa kitabu chake akaandika. Na binti naye akaandika kwenye daftari lake, namba ya gari, saa, kosa.

Hapo ndipo king'ora kikasikika nyuma yetu.

Nimesema nilikuwa nesi wa dharura. Sijui niwaambie mara ngapi nimesimama mlangoni na machela nasubiri ambulensi iliyokwama foleni Ubungo, tunapigiwa simu tumefika Shekilango, tumefika Magomeni, na inapofika unafungua mlango unamkuta dereva analia maana mgonjwa keshakata roho njiani. Na Dhaka niliikuta foleni mbaya kuliko ya kwetu, ambulensi inapiga king'ora dakika 30 na hakuna anayegeuka. Siku ile yule binti aliposikia king'ora akamwachia mwenzie daftari akakimbia mbele, wale wavulana wakashikana mikono wakafanya ukuta pande mbili, mmoja akawa anapiga kelele "emergency, emergency", na ile njia tupu ya katikati nikaelewa sasa ilikuwa ya nini. Ambulensi ikapita. Haikupunguza mwendo. Ikapita kama upepo katikati ya Dhaka, maji yakawarukia watoto usoni nao wakapiga makofi, na mimi nikajikuta nimeinamia kiti cha mbele nalia kwa sauti, wenzangu wananiuliza nini, nimeshindwa hata kusema.

Gari letu halikuendelea. Tukashuka tukarudi kwa miguu na dereva tukatembea naye kipande. Mwenzangu akamuuliza kama amekasirika. Yule mzee akatembea hatua kadhaa ndo akajibu, akasema miaka 20 naendesha mji huu, kila siku nasimamishwa naulizwa hela, leseni leo ndo mara ya kwanza naulizwa, na aliyeniuliza ni mtoto. Halafu akasema ataenda kuikata mpya. Sijui kama alienda.

Nilivyorudi Mohakhali nikamkuta khala kwenye makutano ya barabara na lile sufuria la khichuri, kajifunika mtandio, anawapakulia wanafunzi asiowajua kwenye sahani za karatasi na kina mama wengine wamekuja na chupa za maji na biskuti. Akaniona. Hatukusemeshana, akanipa upawa nikamsaidia kupakua.

Nisingependa kuelezea sana Jumamosi tarehe 4 lakini siwezi kuiruka. Mchana maeneo ya Jigatola walitokea watu wamevaa helmeti wana fimbo na vyuma wakaanza kuwapiga wanafunzi, waandishi wa habari nao walipigwa, na jioni intaneti ya simu ikawa haipandi kabisa. Binti yetu alikuwa huko. Saa 1, saa 2, saa 3 usiku, khala amekaa kizingitini na tasbihi haongei. Alikuja kama saa 4 kasindikizwa na wavulana wawili, ametembea njia zote za uchochoroni, kiatu kimoja hana, juu ya nyusi pamepasuka kwa jiwe na damu imeganda mpaka kwenye kola. Hospitali aligoma kwenda, aliogopa kuulizwa jina. Nikamkalisha kwenye ndoo ya jikoni chini ya taa, nikasafisha kwa maji ya chumvi niliyochemsha, nikakivuta kidonda kwa vipande vya plasta kwa sababu sikuwa na uzi. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, apu, ambulensi zilikuwa zinapita leo?

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kaa kimya nisikose.

Mwezi uliofuata bunge lao lilipitisha sheria mpya ya barabara, dereva akiua kwa uzembe anaweza kufungwa mpaka miaka 5, ikaanza kutumika Novemba 2019. Wanafunzi walikuwa wametaka makubwa zaidi, walikuwa na madai 9, na watu wa Dhaka hadi leo watakwambia mabasi bado yanakimbizana. Ila Agosti 2024, serikali ilipoanguka na polisi wakatoweka barabarani, nilikuwa Dar nikaona kwenye simu picha za vijana wanaongoza magari Dhaka, rikshaw mstari wake, ambulensi njia yake. Watu mtandaoni wanashangaa wamejifunzia wapi. Mimi nilikuwa najua, na ndo maana nimekaa kuandika hii.

Lakini mwisho wa ile wiki niliokuwa nataka kuusema ni asubuhi ya Jumapili tarehe 5. Niliamka kabla ya swala ya alfajiri nikasikia feni ya sebuleni inazunguka spidi ya mwisho. Nikatoka. Khala alikuwa hajalala. Sare alikuwa ameshaifua, kola imesuguliwa mpaka doa limebaki kama kivuli tu, ameitundika chini ya feni ikauke maana nje mvua, na sasa anaipiga pasi akiwa amekaa sakafuni. Binti amesimama mlangoni kwake na plasta usoni anamwangalia mama yake, wala hakuna aliyekuwa ameulizana kitu. Mlangoni kulikuwa na viatu jozi mbili vimepangwa, raba za binti za zamani na makubazi ya khala ya kutokea.

Khala akamaliza mkono wa mwisho wa sare, akaikunja, akasimama akachomoa funguo za nyumba kifuani akanipa mimi.