Ngazi ya giza na ngazi ya mbalamwezi

Kila ikikaribia Machi 20 ile ripoti ya furaha duniani inatoka na watu wanaanza kurushiana orodha, Ufini wa kwanza tena, sisi Watanzania tunajitafuta huko chini (2018 tulikuwa wa 153 kati ya nchi 156). Safari hii mpwa wangu kaniuliza, anko, hivi furaha wanaipimaje, kuna mtu anaenda kuuliza watu kweli? Nikamwambia ndio, wanaenda, na mimi nishawahi kwenda, sio kwa hao wa ripoti lakini swali lilikuwa hilo hilo.

Swali lenyewe ni la ngazi. Mmarekani mmoja, Hadley Cantril, ndiye aliyelitoa kwenye kitabu chake cha 1965, na leo Gallup wanaliuliza karibu dunia nzima, kwa kawaida watu kama 1,000 kila nchi. Fikiria ngazi, chini kabisa sifuri, juu kabisa kumi, juu ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini ni mabaya kuliko yote, je kwa sasa unajiona umesimama ya ngapi? Kwenye mafunzo tulisisitiziwa sana, soma neno kwa neno, usifafanue, usimwongoze mtu.

Basi tuko Katonga, Kigoma, mwaloni pale wavuvi wanaposhushia samaki, jua limeshakuwa kali, mama mmoja anageuza dagaa kwenye chanja na dagaa wenyewe wachache, chanja nyingi tupu. Mwakeye mama. Akaitikia, akanigeuzia ndoo nikalie. Umri, watu wa kaya, elimu, vikapita haraka. Nikafika kwenye ngazi nikasoma. Akaacha kugeuza dagaa, akaniangalia.

"Ngazi ya giza au ya mbalamwezi?"

Kwa asiyelijua ziwa letu, Tanganyika, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu tena, mitumbwi inavutwa nchi kavu na hela inakata mwalo mzima mpaka giza lirudi.

Mimi nikasoma swali tena, neno kwa neno kama nilivyofundishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kabisa, akasema mwanangu nimekusikia, nakuuliza ya lini. Nikanyamaza. Akaanza mwenyewe, anahesabu kwa vidole vyenye magamba: giza mimi niko ya saba, marejesho ya mkopo wa VICOBA nalipa, watoto wanakula, mgeni akija namkaribisha bila wasiwasi. Mbalamwezi niko ya pili. Jirani yake kwenye chanja ya pili akadakia kwamba yeye hata hiyo ya pili haifiki (tulitakiwa tumhoji mtu akiwa peke yake, lakini mwaloni nani yuko peke yake).

Kishikwambi kina nafasi ya namba moja. Akaniona nimekwama, akasema andika mbili basi, ndio ya leo, ila usiende kuwaambia mimi ni mtu wa mbili. Nikaandika 2, halafu kwenye maoni nikajaza yote aliyosema.

Jioni nikamwomba msimamizi vijiji vya ziwani tuvigawe, nusu tuviendee wakati wa giza. Akasema ukijumlisha watu wengi hayo yanajifuta yenyewe. Yanajifuta kama watu wameulizwa siku tofauti, sisi timu nzima tuliingia mialoni wiki ile ile moja. Lakini gari na posho vilishapangwa, ikaishia hapo.

Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 1983 Schwarz na Clore, kule Marekani, waliripoti kuwa watu waliopigiwa simu siku ya jua walisema wanaridhika na maisha kuliko waliopigiwa siku ya mvua. Hilo nalielewa, ni moyo tu umechangamka. Kwa yule mama haukuwa moyo, ni maisha yenyewe yanapanda na kushuka, na hata tungemuuliza mara mbili tukapata 7 na 2, wastani wake ni nne na nusu, mahali ambapo sidhani kama amewahi kukaa hata siku moja. Sasa ni ipi ya kumwandikia? Bado sijui, na nimelifikiria sana.

Ila nikikutana na takwimu zozote za maisha ya watu wa Kigoma, kitu cha kwanza naangalia ni tarehe walizofika mwaloni. Mara nyingi wameandika mwaka tu.