Jinsi Nilivyopima Ushahidi wa Mauaji ya Wagalla

Nilipoanza kuandika makala ya historia kuhusu mauaji ya Wagalla, yaliyotokea Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, mwezi Februari 1984, nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuwapata mashahidi. Hao niliwapata bila taabu kubwa. Kilichonisumbua ni kuamua nimwamini nani kuhusu jambo lipi, kwa sababu serikali ilitangaza kwanza vifo 57, mwaka 2000 ikakubali kuwa waliokufa ni 380, ilhali baadhi ya manusura hutaja hadi watu 5,000.

Msingi wa tukio wenyewe haubishaniwi sana. Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama, katika operesheni iliyoelezwa kuwa ya kukusanya silaha, viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, mojawapo ya koo za Wasomali wa Kenya, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa hapo kwa siku kadhaa juani, bila maji wala chakula. Ubishi huanza pale unapouliza ni wangapi, ni nani aliyetoa amri, na nini hasa kilitokea siku ipi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuyagawa maandishi niliyokusanya katika mafungu mawili, ya kuaminika na yasiyoaminika. Nilikuwa na makala kadhaa zilizotaja 57, nami nikazihesabu kama mashahidi kadhaa wanaokubaliana. Nilipofuata kila moja hadi ilikotoa idadi hiyo, zote ziliishia katika tamko lile lile la serikali, na nyingine zilikuwa zimenakiliana hadi makosa ya tahajia. Nikalazimika kukiri kwamba nilikuwa na chanzo kimoja chenye sauti nyingi. Kwa haki, nilipoifanyia 5,000 uchunguzi huo huo, nayo ilipungukiwa na mashahidi kwa namna hiyo hiyo.

Tangu hapo niliacha kumpima mtu mzima mzima, nikaanza kupima kila dai peke yake. Mzee mmoja aliyenusurika aliniambia kwa uhakika kwamba waliokufa ni maelfu. Nilipomuuliza alijuaje, alinyamaza, kisha akasema ndivyo watu wote wanavyojua. Lakini nilipomwomba anieleze jamaa zake waliokwenda uwanjani wasirudi, alitaja jina baada ya jina, na kwa kila mmoja alisema alikuwa mtoto wa nani na mara ya mwisho alimwona ameketi upande gani. Kuhusu jumla, mzee huyo alikuwa akirudia habari aliyoisikia. Kuhusu ndugu zake, sijapata shahidi bora kuliko yeye. Majina hayo niliyalinganisha na ya mashahidi wengine ili marehemu mmoja asihesabiwe mara mbili, kazi iliyochosha kuliko zote, kwa kuwa watu wengi huko wana majina yanayofanana hadi kwa babu.

Tarehe nilizipima kwa njia rahisi zaidi. Wachache walikumbuka tarehe, bali wengi walikumbuka kuwa ilikuwa Ijumaa. Na kwa kalenda, tarehe 10 Februari 1984 iliangukia Ijumaa.

Maandishi rasmi nayo yalihitaji kusomwa kwa tahadhari. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilikabidhiwa mwaka 2013, ilisikiliza mashahidi Wajir kwenyewe, lakini mwenyekiti wake alikuwa amelazimika kukaa kando mwaka 2010 kwa madai yaliyomhusisha na mkutano wa maofisa wa usalama uliofanyika kabla ya operesheni. Sikuitupa ripoti kwa sababu hiyo. Niliegemea zaidi ushuhuda uliotolewa hadharani kuliko maneno ya tume yenyewe. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyewahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir na baadaye akafukuzwa nchini, nilimpa uzito mkubwa kuhusu maiti na majeruhi aliosaidia kuwakusanya, lakini si kuhusu yaliyotendeka ndani ya uwanja.

Pengo ambalo sikulitarajia lilikuwa upande wangu. Sijui Kisomali, na mkalimani wangu, kijana mwema ambaye naye alikuwa amepoteza jamaa, alikuwa akigeuza maelezo ya dakika tano kuwa sentensi mbili. Nilipoomba mtu mwingine asikilize kanda zile, tuligundua kwamba maneno kama “nadhani” na “niliambiwa” yalikuwa yakipotea njiani, hivyo uvumi ulinifikia ukiwa umevaa nguo za ushahidi. Ilinibidi nirudie mahojiano karibu yote.

Katika makala iliyokamilika niliziandika idadi zote tatu, kila moja pamoja na aliyeitoa na mwaka alioitoa. Mkalimani alipoisoma aliniuliza kwa nini 57 imewekwa mwanzo. Nilimjibu kwamba nilifuata mpangilio wa miaka, jambo ambalo ni kweli, lakini usiku ule niliipanga upya aya hiyo ianze na majina.