Wosia wa mwenye mikorosho: hukwama wapi?

Marehemu ameacha mikorosho 120. Watoto wanasema ni yao, baba alikuwa Mwislamu. Wapwa nao wanasema ni yao, kwa kuwa mjomba alilipata shamba hilo kwa mjomba wake. Wosia upo, karatasi moja ya daftari, ila haugusi kabisa swali wanalogombania.

Huo ndio mgogoro wa kusini mwa Tanzania. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera huhesabu ukoo kuukeni, yaani upande wa mama, na wengi wao ni Waislamu. Mahakama hutazama marehemu aliishi kwa sheria ipi na alitaka nini. Msiiachie kazi hiyo. Sentensi ya kwanza ya wosia iseme wazi kama mirathi igawanywe Kiislamu au kimila.

Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi. Tena ni theluthi ya kinachobaki baada ya maziko na madeni, na mahari ambayo mke hajalipwa ni deni. Mali ikiwa na thamani ya shilingi milioni 12, maziko na madeni yakala milioni 3, inabaki milioni 9. Wosia unagusa milioni 3 tu. Halafu theluthi hiyo si ya mrithi. Ukiandika "shamba apewe binti yangu mdogo", maneno hayo hayasimami mpaka warithi wenzake waridhie. Theluthi inawafaa wale ambao mirathi ingewapita: mtoto wa kulea, au mpwa aliyepalilia shamba miaka yote huku watoto wangali hai. Naona hapa ndipo mila ya ujombani na dini zinapoweza kukaa pamoja bila ugomvi, na inasikitisha kwamba wachache huitumia nafasi hii.

Mkristo naye ana mtego wake: wosia alioandika kabla ya ndoa hubatilika akifunga ndoa. Aandike mwingine.

Sasa shamba lenyewe. Mengi hayana hati ya kimila ya kumiliki ardhi, kwa hiyo "shamba langu la bondeni" halitoshi. Taja kijiji, kitongoji, majirani wa pande zote nne, idadi ya mikorosho na minazi. Andika pia nani alipanda na ardhi ni ya nani, maana wapo waliopanda kwa ruhusa kwenye ardhi ya mtu. Hao wana miti tu. Mikorosho uliyoweka rehani iandikwe pamoja na kiasi ulichochukua na msimu wa kuirudisha, la sivyo aliyekukopesha atadai alinunua. Shamba mlilochuma na mwenzi wako lina fungu lake, na fungu hilo huwezi kulitolea wosia.

Mashahidi: kanuni za wosia wa kimila za 1963 zinataka wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kwa anayejua kusoma; kwa asiyejua, wanne. Kanuni hizo zilitungwa kwa koo za kuumeni, yaani upande wa baba, hivyo huku kwetu zisichukuliwe kama neno la mwisho. Hata hivyo weka wanne, wawili wa kuukeni wakiwemo, na asiwepo anayepewa kitu. Weka tarehe, saini au dole gumba kila ukurasa. Ukibadili nia usikatekate maneno kwa kalamu. Andika upya, useme ule wa zamani umefutwa. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, hupokea wosia na kuutunza.

Mtu akifariki, aliyetajwa kuwa msimamizi bado hana mamlaka. Achukue cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, ajaze Fomu Na. 1 mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, si alipofia. Mahakama hiyo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu kwa Fomu Na. VI. Wengi huishia kwenye uteuzi, wakauza shamba kana kwamba limekuwa lao. Msimamizi hukusanya, hulipa madeni, hugawa. Anayeuza kwa faida yake anaweza kuondolewa na kudaiwa.

Nakala ya uteuzi ifike AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na benki kabla ya minada ya Oktoba, kwa sababu malipo ya korosho huingia kwenye akaunti ya mkulima, na mkulima huyo ndiye aliyefariki.