Siku moja ya kufunga simu za intaneti ofisini, saa kwa saa

Saa 1:30 asubuhi

Simu 40 bado ziko kwenye maboksi, na hakuna haraka ya kuzifungua. Kazi inaanzia kwenye kabati la swichi, kifaa kinachounganisha simu na kompyuta kwa kebo. Simu hizi hazina adapta. Zinapata umeme kwenye kebo ileile ya mtandao, kwa hiyo kitu cha kwanza ni hesabu ya wati. Swichi ya poti 24 (matundu ya kebo) yenye wati 185 za kugawia vifaa inatosha kabisa kwa simu za daraja la 2 (daraja ni kiwango cha umeme ambacho simu huomba), kwa sababu kila moja hutengewa wati 7, na 24 zinafika wati 168. Simu ya daraja la 3 hutengewa hadi wati 15.4. Kama swichi inatenga kwa kufuata daraja, zitawaka simu 12, na ya 13 itabaki giza hata ukiibadilishia kebo mara ngapi. Daraja limeandikwa kwenye karatasi ya vipimo vya simu. Lisome kabla hujapanda ngazi.

Saa 2:30 asubuhi

Meza nyingi zina tundu moja tu la mtandao ukutani, hivyo kompyuta huchomekwa nyuma ya simu na kebo moja inabeba mitandao miwili iliyotenganishwa, yaani VLAN. Kwenye kila poti ya swichi naweka VLAN 10 ya kompyuta bila lebo na VLAN 20 ya sauti ikiwa na lebo, yaani pakiti zake zinabeba namba ya VLAN. Kisha nawasha LLDP, itifaki ya swichi na simu kujitambulishana, maana ndiyo inayoiambia simu kwamba sauti inapita VLAN 20. Ikisahaulika, simu itawaka vizuri na kupata anwani, ila itakuwa anwani ya upande wa kompyuta. Ukiona 192.168.10.57 kwenye kioo wakati ulitegemea 10.20.0 na kitu, rudi kwenye swichi. Simu haina kosa.

Saa 3:30 asubuhi

DHCP, huduma inayogawia vifaa anwani za mtandao. Natenga anwani 10.20.0.50 hadi 10.20.0.200, maski 255.255.255.0, lango (anwani ya ruta) 10.20.0.1. Watu wengi huishia hapo, lakini kuna mambo mawili zaidi. Kwenye machaguo ya DHCP, namba 42 inaipa simu anwani ya seva ya saa, na namba 66 inaielekeza kwenye seva yenye mafaili ya mipangilio (simu za Cisco hutumia pia 150). Hiyo ya saa hudharauliwa sana. Simu inayodhani iko mwaka 1970 itakikataa cheti cha usalama cha seva kwa kukiona hakijaanza kutumika, na haitajisajili kwa TLS, muunganisho uliosimbwa. Utakesha unahangaika na nenosiri bure.

Kama seva ya DHCP iko VLAN nyingine, ruta lazima iambiwe ipitishe maombi. Bila hivyo simu inabaki na 0.0.0.0, au inajipa anwani ya 169.254.

Saa 4:30 asubuhi

Sasa inafunguliwa simu moja. Moja tu. Nachukua anwani yake kwenye menyu ya hali ya simu, naiandika kwenye kivinjari, naingia kama msimamizi, na kabla ya yote nabadilisha nenosiri la kiwandani. Kwenye ukurasa wa akaunti kuna anwani ya seva ya SIP (itifaki ya kuanzisha na kukata simu), namba ya simu, jina la uthibitisho, nenosiri, na poti (hapa ni namba ya mlango wa programu, si tundu la kebo): 5060 kwa kawaida, 5061 kwa TLS. Jina la uthibitisho si lazima lifanane na namba. Kwenye mifumo mingine namba ni 214 na jina ni kitu tofauti kabisa.

Kwenye kumbukumbu za seva, jibu la 401 lisikutie hofu. Ndivyo SIP inavyofanya kazi: seva inakataa ombi la kwanza, simu inarudi na uthibitisho, inajibiwa 200, yaani sawa. Zikirudiwa 401 mfululizo, au ikija 403 (umekataliwa), kagua jina na nenosiri. Kimya kabisa maana yake ni njia: faiawoli (ukuta wa kinga wa mtandao), VLAN au anwani ya seva.

Saa 6:00 mchana

Hiyo moja ikishapiga na kupigiwa, 39 zilizobaki hazijazwi kwa mkono. Kila simu ina faili lake kwenye seva, limepewa jina la anwani yake ya MAC (utambulisho wa kifaa kutoka kiwandani) yenye herufi na tarakimu 12. Seva ya Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo simu inayoomba faili la herufi ndogo haitaliona lililoandikwa kwa kubwa. Chomeka, subiri, inayofuata.

Saa 8:00 mchana

Simu za ndani zinasikilizana vizuri, lakini ukipiga nje, sauti inakwenda upande mmoja. Ishara zinapita SIP, sauti inapita RTP, itifaki ya kubeba sauti, kwenye poti nyingine za UDP (usafirishaji wa pakiti usiosubiri uthibitisho), na simu imemtangazia mwenzake anwani ya ndani ambayo nje haifikiki. Hatua ya kwanza ni kuzima SIP ALG kwenye ruta, kipengele cha kurekebisha anwani ndani ya ujumbe wa SIP, kilichobuniwa kusaidia na ambacho mara nyingi huharibu. Ya pili ni kuhakikisha faiawoli imefungua masafa ya RTP yanayotumiwa na seva. Asterisk, programu ya seva ya simu, huja na 10000 hadi 20000.

Dalili nyingine ya kuijua: mazungumzo yanakatika kila mara karibu na sekunde ya 32. Hapo ACK, ile pakiti ya kuthibitisha kwamba simu imepokelewa, haifiki, na upande unaoisubiri unachoka. Na simu inayoweza kupiga ila haipigiki baada ya kukaa kimya, ruta imeisahau. Iwekee ujumbe mfupi wa kuamsha njia kila sekunde 20 hadi 30.

Saa 9:30 alasiri

Ubora. Simu moja ya G.711 (mbinu ya kugeuza sauti kuwa data) inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, ukihesabu na vichwa vya pakiti. Simu 20 kwa wakati mmoja ni karibu megabiti 1.75, na upande wa kupakia ndio unaobana. Naipa sauti alama ya kipaumbele kwenye pakiti, DSCP 46, nikihakikisha swichi na ruta zinaiheshimu, maana alama isiyosomwa na mtu ni pambo. Ucheleweshaji wa njia moja usizidi milisekunde 150, na pakiti zinazopotea zibaki chini ya asilimia 1.

Saa 10:30 jioni

Nawasha kinga ya mzunguko kwenye poti zote, kwa sababu siku moja mtu atachomeka tundu zote mbili za simu ukutani na ofisi nzima itakosa mtandao. Nahifadhi mipangilio ya swichi. Isiyohifadhiwa hufutika umeme ukikatika. Kisha naukata umeme wa kabati kwa makusudi, naurudisha, na nahesabu simu zinazojisajili upya. Zikirudi 37, tatu zilizobaki zinaanzia kukaguliwa kwenye poti zao.