Usalama wa Fundi Huanzia Kwenye Ramani
Nchini Uingereza, kanuni za ujenzi za mwaka 2015 zinamtaka msanifu, angali akichora, aondoe kadiri iwezekanavyo hatari zinazotabirika kwa mjenzi, kwa msafishaji na kwa fundi atakayekuja kukarabati baadaye. Asipoweza kuziondoa, azipunguze, na zinazosalia awaarifu wahusika. Tena haruhusiwi kuanza kazi kabla ya kuridhika kwamba mwenye mradi anaujua wajibu wake mwenyewe, sharti ambalo nalithamini kuliko yote.

Hapa Mombasa, katika jengo moja refu la Nyali, nimeona viyoyozi vimefungwa nje ya ukuta pasipo hata kiroshani cha kukanyagia, na fundi huvifikia kwa kutokea dirishani huku mwenzake akimshika mshipi. Kiroshani hicho kingechorwa kabla msingi haujachimbwa, na mchoraji anapaswa kuulizwa kwa nini hakukichora.