Bibi alizikwa Tanga, sisi tuko Houston

Mama alinileta Houston mwaka 2008, nikiwa na miaka tisa, kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, tukabaki. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa ametangulia mwaka 2005, na tofauti hiyo ndogo ilikuja kututenga. Rais Obama alipotangaza DACA mwaka 2012, mpango wa kuwakinga kwa muda vijana walioletwa Marekani utotoni wasifukuzwe nchini, sharti mojawapo lilikuwa uwe umeishi Marekani mfululizo tangu Juni 15, 2007. Dada akapata kibali cha kazi na leseni ya udereva. Mimi, patupu. Tulilala chumba kimoja lakini habari za maisha ya mbele hatukuzigusa tena.

Shule nilisoma. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi iliyoanzia Tyler, humu humu Texas, kwamba mtoto asinyimwe shule ya umma kwa kukosa makaratasi. Kilichonimaliza ni kuishi na watu huku ninaficha. Wenzangu wakiuliza kwa nini siendeshi gari, nasema naogopa. Kwa nini sifanyi kibarua wakati wa likizo? Mama hataki. Kila jibu la namna hiyo lilinilazimu kumkwepa mtu mmoja zaidi, na nilipofika chuo sikuwa na hata mmoja wa kumpigia usiku, moyo unapokwenda mbio na usingizi umekataa.

Mwaka 2019 bibi akafariki Tanga. Hatukwenda kumzika. Aliyekaa bila kibali mwaka mzima au zaidi, akitoka, sheria inamfungia nje miaka 10. Kwa mtoto muda huo huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18, nami nilikuwa nimeshapita hapo.

Mama akafanya kisomo sebuleni. Kina mama wa Kitanzania walikuja na masufuria ya pilau, na mmoja akauliza mbele ya watu ni nani anasafiri. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hatuwezi, dada. Hatuna makaratasi." Hakuna aliyeshtuka. Baadaye kijana aliyekuwa akigawa maji alinifuata jikoni. "Pole, dada. Mimi baba yangu nilimzika kwenye simu." Tuliongea mpaka vyombo vyote vikaisha kuoshwa.

Tangu hapo nikaanza kuchagua watu wa kuwaambia. Nilimsikiliza mtu anavyozungumzia wengine: anayeniletea siri za jirani, zangu hazipati. Nilianza na dada. Nilimwambia wazi kwamba kibali chake kinaniuma. Akalia, akasema kwa miaka yote hiyo aliona haya kufurahi mbele yangu. Kumbe naye alikuwa hapati usingizi, tangu Septemba 2017 serikali ilipotangaza kuifuta DACA.

Kisha nikaenda kwa mshauri nasaha wa chuo. Kabla ya kumweleza lolote nilimuuliza anaandika nini kwenye faili langu na nani analisoma. Alinijibu moja baada ya jingine, bila haraka. Ndiye aliyenielekeza kwa wanafunzi wengine wasio na makaratasi. Wengi wao walikuwa wa Mexico na Honduras, Mwafrika ni mimi peke yangu. Sisi Waafrika husahaulika sana suala hili linapozungumzwa, na ukisahaulika unaamini uko peke yako duniani. Nikamleta yule kijana wa jikoni.

Hofu ya kukamatwa ninayo bado, ila usingizi umerudi. Mwaka jana tu, Juni 2025, sheria ya Texas ya 2001 iliyotuwezesha kulipa ada nafuu ya chuo kama wakazi wa jimbo ilisimamishwa na mahakama. Wadogo zetu waliotufuata chuoni wamepandishiwa ada ghafla, na wengine wameacha kuitikia salamu. Tumegawana majina. Wangu ni binti wa Kikongo. Simu zangu hapokei, kwa hiyo Jumamosi nitakwenda kwao na dada, kwa kuwa yeye ndiye mwenye leseni.