Siku Moja Maishani Mwangu: Kuichora Medusa

Saa 12 asubuhi nawasha taa na kuikagua kazi ya jana kabla sijanywa hata chai, kwa kuwa jicho lililopumzika huona makosa ambayo jicho lililochoka huyaachilia. Mimi huchora picha za vyombo vya majini, kazi ambayo wengi hudhani ni kunakili picha ya kamera kwa rangi za mafuta. Sasa ninaichora HMS Medusa, boti ya mota ya mbao ya jeshi la majini, iliyoundwa Poole, Uingereza, mwaka 1943, yenye urefu wa mita 22 hivi. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, siku majeshi ya Washirika yalipotua Normandia, wakati ikijulikana kwa namba tu, HDML 1387 (HDML ni kifupi cha Kiingereza cha boti ya mota ya kulinda bandari), ilikaa baharini kuonyesha mlango wa njia iliyofagiliwa mabomu kuelekea ufuko wa Omaha, Ufaransa.

Kuanzia saa 1 hadi saa 4 ninachanganya kijivu na kupaka anga.

Saa 4 na nusu anapiga simu mteja, ambaye jana nilimtumia picha ya hatua niliyofikia. Anauliza mistari ya mbao iko wapi, maana watu watadhani chombo ni cha chuma. Ninamweleza kwamba ubavu wa boti za aina hii una tabaka mbili za mbao za mahogani zilizopishana kimshazari, kisha ukapakwa rangi, hivyo kwa mbali huonekana laini kabisa. Nikichora mistari mirefu kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, nitakuwa nimemchorea boti nyingine. Ananyamaza kidogo. “Basi weka mitatu tu,” anasema, kana kwamba tunapatana bei ya mafungu ya nyanya.

Hajamaliza. Anataka omo inyanyuke na kurusha povu. Ninarudi mwanzo: tumbo la boti hii ni la mviringo na zito, kasi yake haizidi sana noti 12 (kama kilomita 22 kwa saa), nayo hupasua maji bila kupanda juu yake. Simu inachukua karibu saa nzima, kisha ninarudi kwenye palete, kibao changu cha kuchanganyia rangi.

Mchana sijui umeishaje. Mstari wa maji, ambao ukikosewa kwa unene wa unywele chombo chote huonekana kinazama, nimeufuta na kuuchora upya mara nne, huku mgongo ukiuma na mwanga wa dirishani ukigeuka manjano. Katika uchovu huo, ili niwe na amani, nilichora mstari mmoja mwembamba wa ubao karibu na omo. Niliutazama kwa muda. Kisha nikachukua kitambaa chenye tapentaini nikaufuta, na pamoja nao ukaondoka ubavu wa omo nilioufanyia kazi tangu juzi.